Seli za Moyo Zinazodunda Maabarani: Tunapinga Nini Hasa?

Katika semina za familia husikika hoja kwamba Kanisa linakataa seli shina za viinitete kwa sababu hazina faida. Mafrateri wasiibebe hoja hiyo. Ni dhaifu, kwa kuwa seli hizo zinafanya kazi.

Mtu akipata shambulio la moyo, sehemu ya misuli hukosa damu na kufa. Moyo wa mtu mzima hautengenezi seli mpya za kutosha: kwa kijana wa miaka 25, zinazofanywa upya ni kama asilimia 1 tu kwa mwaka. Palipokufa huota kovu, na kovu halisukumi damu.

Mwaka 1998 James Thomson na wenzake huko Wisconsin, Marekani, walitenga seli shina kutoka viinitete vya binadamu vya siku chache, vilivyotungwa nje ya mwili. Seli shina haijapata kazi maalumu bado. Inaweza kuwa neva, damu au msuli. Mwaka 2001 watafiti wa Haifa, Israeli, walionyesha kwamba zinageuka kuwa misuli ya moyo. Siku hizi seli hupewa kwa zamu viashiria kama vile vinavyoongoza kuumbika kwa moyo tumboni mwa mama, na baada ya wiki moja au mbili hivi huanza kudunda zenyewe ndani ya kisahani. Mwaka 2014, huko Paris, Philippe Menasché na wenzake walipandikiza seli za asili hiyo kwenye moyo wa mgonjwa.

Basi kosa liko wapi? Ili kuzipata, sehemu ya ndani ya kiinitete huondolewa, nacho hufa. Hati ya Vatikani *Dignitas Personae* ya mwaka 2008, namba 32, inahukumu tendo hilo. Haihukumu seli shina zote: za mtu mzima, au za damu ya kitovu wakati wa kuzaliwa, inazikubali. Hata kama seli za viinitete zingeponya wagonjwa wote, hukumu isingebadilika.

Swali gumu zaidi ni hili: kiinitete kilikwisha kufa mwaka 1998, anayezitumia seli zake leo anamdhuru nani? Namba 34 na 35 zinamtaka mtafiti ajitenge nazo hata kama hakushiriki kukiua, asije akaonekana kukubali. Lakini hati inatambua kwamba wajibu hutofautiana, na inatoa mfano wa wazazi wanaohitaji chanjo kwa mtoto wao. Kwa maoni yangu, padre asimtwishe mgonjwa mzigo wa mwenye maabara.

Njia nyingine ipo. Shinya Yamanaka wa Kyoto alirudisha seli za kawaida za mwili katika hali ya seli shina, za panya mwaka 2006 na za binadamu mwaka 2007. Mwaka 2020, huko Osaka, utando wa misuli ya moyo uliooteshwa kutokana na seli za namna hiyo uliwekwa kwa mgonjwa. (Tuseme kweli: ujuzi mwingi wa kuziotesha ulitoka kwenye utafiti wa viinitete.) Kwa hiyo muumini akialikwa kwenye majaribio ya tiba ya moyo, ana haki ya kumuuliza daktari: seli hizi zilitoka kwa nani?