SOMO: ZAMU, BEI NA CHENJI HOTELINI SIKU YA MNADA

Leo tujifunze pamoja jambo ambalo karibu kila mmoja wetu amekutana nalo. Jambo lenyewe ni kula hotelini siku ambayo watu ni wengi. Pengine utasema, "Na kula nako kunahitaji somo?" Soma kwanza, halafu tutaulizana mwishoni.

TULICHOKIONA BARIADI

Siku moja ya mnada tulikuwa Bariadi mjini kwa kazi ya kutembelea madarasa ya watu wazima. Saa saba mchana tukaingia katika hoteli moja kula. Jina la hoteli tunaliacha, maana hatuandiki ili kumharibia mtu riziki yake.

Hoteli hiyo inapendwa sana. Samaki wake hutoka Ziwa Victoria, upande wa Busega, na huletwa asubuhi kwa barabara ya Lamadi. Mpishi anajua kuunga sato kwa nyanya na vitunguu mpaka harufu inakuita ukiwa bado njiani. Basi siku ya mnada watu hujaa mpaka barazani. Wamo wauza ng'ombe, wakulima wa pamba, madereva na akina mama wa sokoni. Siku hiyo meza zilikuwa tisa na wahudumu wawili tu.

Tulikaa meza ya mbele. Hazikupita dakika kumi, sahani zikaletwa. Tukanawa, tukala, tukasifu.

Tulipokuwa tunalipa ndipo tulipomsikia mama mmoja aliyekaa kwenye benchi mlangoni. Alikuwa na hotipoti tupu mapajani. Alimwambia mhudumu kwa upole, "Mwanangu, mimi nilitangulia. Nilisema ugali na samaki wa kubeba, napeleka hospitali."

Mhudumu akajibu huku anapita, "Bado kidogo tu mayu, inakuja."

Mama akasema, "Hiyo bado kidogo umeniambia mara tatu sasa."

Tukamwuliza habari zake. Alikuwa amefika saa sita na nusu, yaani nusu saa kabla yetu. Binti yake alikuwa amejifungua kwa upasuaji, na siku hiyo ndiyo aliyoruhusiwa kula chakula kigumu. Muda wa kuona wagonjwa ulikuwa unakwisha saa nane. Saa yetu ilionyesha saa nane kasoro dakika kumi.

Ndugu msomaji, tuseme ukweli. Chakula tulichokula sisi kilikuwa zamu yake. Hatukuomba kupendelewa. Lakini sisi tulikuwa na viatu na mabegi ya ofisi, yeye alikuwa na kandambili na hotipoti. Mhudumu aliyaona mabegi. Na sisi, watu tunaofundisha wengine, hatukuuliza nani ametangulia.

Chakula cha mama kilitoka saa nane na dakika tano. Akakifunika, akaondoka mbio. Kama mlinzi alimruhusu kuingia wodini au alimrudisha, hatukupata kujua. Jambo hilo lilitukaa moyoni, na ndilo lililotufanya tuandike somo hili.

MZEE NA CHENJI YAKE

Kabla hatujatoka tukaona jambo la pili. Mzee mmoja alikuwa amekula na mjukuu wake. Walikula ugali na sato, shilingi 5,000, na ugali na dagaa, shilingi 2,500. Wakanywa soda mbili, kila moja shilingi 700. Mzee akatoa noti ya 10,000. Mhudumu akarudisha shilingi 600 na kuondoka.

Mzee hakupiga kelele. Alitoa kalamu mfukoni, akaandika kiganjani:

5,000 + 2,500 + 1,400 = 8,900
10,000 - 8,900 = 1,100

Akamwita mhudumu, akamwonyesha kiganja. Mhudumu akahesabu kwa vidole, akaona kweli imepungua shilingi 500. Akaomba radhi na kuzileta. Mzee akasema, "Wabeja," akamshika mjukuu mkono, wakaenda zao. Baadaye tulimfuata tukamwuliza alisoma wapi. Alisema alijifunzia hesabu kwenye kisomo cha watu wazima, chini ya mti.

MHUDUMU NAYE ANASEMAJE?

Si vizuri kusikiliza upande mmoja. Jioni watu walipopungua tulirudi, tukazungumza na yule mhudumu. Ni kijana mwenye adabu. Alituambia hivi:

"Mimi nashika oda za meza tano kichwani. Huyu anataka sato, huyu sangara, huyu anasema ugali uwe mdogo. Nikifika jikoni mpishi ananiambia sato wamebaki wawili. Narudi, wawili wengine wananiita. Hapo anayepiga kelele ndiye ninayemkumbuka. Yule mama alikuwa mpole, nikamsahau. Na jioni hesabu ikipungua, nakatwa mimi."

Hapo tukaelewa. Siku kama ile mteja anaumia na mhudumu naye anaumia. Hata mwenye hoteli anaumia, maana mteja aliyeudhika hasemi kitu. Anakula, analipa, harudi tena, na huko kijijini anawasimulia wenzake.

KWA NINI HUTOKEA?

Tumeona sababu tatu.

Kwanza, oda zinawekwa kichwani. Kichwa cha mtu si daftari. Watu wakiwa wanne kichwa kinatosha. Wakiwa arobaini, kichwa kinakumbuka mwenye sauti kubwa, mwenye nguo nzuri, na aliye karibu.

Pili, bei haikuandikwa mahali. Bei ya samaki hupanda na kushuka. Samaki wakiwa haba ziwani, bei hupanda. Mteja aliyelipa 4,000 juma lililopita akiambiwa 5,000 leo anadhani ameibiwa, hata kama hakuibiwa.

Tatu, bili inajumlishwa kwa haraka, mhudumu akiwa amesimama na anaitwa huku na huku. Hapo hata mtu mwaminifu hukosea.

HATA UGHAIBUNI YAPO

Msidhani mambo haya yako kwetu tu. Huko Marekani, katika jimbo la Louisiana, watu wanapenda sana kamba wa maji baridi. Ni wanyama wa majini wenye magamba na makoleo mawili mbele. Kamba wa aina hiyo wapo pia katika Ziwa Naivasha nchini Kenya, walikopelekwa mwaka 1970.

Huko Louisiana kamba hawa huchemshwa katika sufuria kubwa pamoja na pilipili, viazi na mahindi, halafu humwagwa mezani juu ya magazeti. Watu hula kwa mikono, kama sisi na ugali wetu. Msimu ukifika, hoteli zinazosifika hujaa na watu husimama wakingoja nafasi. Kamba huuzwa kwa uzito, na bei yake hubadilika kwa jinsi wanavyopatikana. Kwa hiyo hoteli nyingi huandika ubaoni bei ya siku hiyo, na mlangoni huandika majina ya wanaongoja kwa kufuata nani alitangulia. Hata hivyo watu bado hulalamika, maana njaa haina uvumilivu popote duniani. Lakini mtu akiuliza zamu yake, anaonyeshwa jina lake kwenye karatasi.

DAWA YAKE NI KALAMU

Mwenye hoteli hahitaji mashine ya bei kubwa ili kutenda haki. Anahitaji ubao, chaki, daftari na kalamu. Aandike mambo matatu.

1. Bei. Aziandike ubaoni asubuhi, mahali ambapo mtu anaziona kabla ya kukaa. Chakula kikiisha, kifutwe palepale. Mtu asingoje nusu saa ndipo aambiwe sato wamekwisha.

2. Zamu. Kila oda iandikwe kwenye daftari kwa namba. Mpishi apakue kwa kufuata namba, asifuate sauti. Kwa mfano:

Na. 1. Mlangoni, mama. Ugali na sato, wa kubeba.
Na. 2. Meza ya 4. Ugali na dagaa mara mbili.
Na. 3. Meza ya 1. Ugali na sato mara tatu.

Hapo namba 3 hawezi kula kabla ya namba 1, awe na begi au hana. Kama kuna mwenye haraka ya kweli, kama vile anayepeleka chakula kwa mgonjwa, mhudumu awaombe wengine ruhusa waziwazi. Wasukuma si watu wa kukataa jambo kama hilo.

3. Bili. Iandikwe kwenye kikaratasi, kila kitu na bei yake, jumla chini. Mteja akipewa anaisoma. Mhudumu akikosea, kosa linaonekana kabla fedha hazijatoka mkononi.

KAZI YA MTEJA

Mteja naye ana kazi yake. Asikae tu na kunung'unika.

Uliza bei kabla ya kuagiza. Si aibu, ni haki yako. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumdanganya mnunuzi, pamoja na kumdanganya kuhusu bei.

Sema zamu yako mapema na kwa sauti ya kusikika. Upole ni jambo jema, lakini upole usiosema unakulaza na njaa.

Hesabu chenji mezani, si njiani. Ukilipa kwa simu, soma jina linalotokea kabla ya kuthibitisha, halafu ngoja ujumbe.

Ukiwa na malalamiko, mwambie mhudumu kwanza, kisha mwenye hoteli, palepale, bila matusi. Mzee wetu alipata shilingi 500 zake kwa sababu alionyesha hesabu. Angetukana, wangebishana mpaka jioni.

Ukihudumiwa vizuri, sema pia. Mhudumu naye ni binadamu.

Na la mwisho, ambalo sisi wenyewe tulishindwa: ukiletewa chakula kabla ya aliyekutangulia, uliza, "Huyu mwenzangu amepata?"

TUSISAHAU USAFI

Watu wakijaa, usafi ndio huachwa wa kwanza. Wazee wetu watakumbuka kampeni ya redio ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, ambapo watu wapatao milioni mbili walijifunza katika vikundi na kuchimba vyoo. Mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai. Mafunzo yale hayajazeeka.

Ugali unaliwa kwa mkono. Kwa hiyo nawa kwa maji yanayotiririka na sabuni. Usikubali beseni moja ambalo watu kumi wamekwisha kunawia. Kipindupindu huenea kwa maji na chakula vilivyoingiwa na kinyesi, na mkono ndio njia yake ya karibu.

Mnunuzi wa samaki wa hoteli naye aangalie vizuri. Samaki mzima ana macho yanayong'aa, mashavu mekundu kwa ndani, na nyama inayorudi ukiibonyeza. Samaki akinuka vibaya, pilipili na ndimu haziwezi kumrudisha. Chakula kilichopoa kipashwe mpaka kichemke, kisipashwe juu juu.

TULIPORUDI

Tulimweleza mwenye hoteli haya yote, tukiwa tayari kufukuzwa. Hakutufukuza. Alisema, "Ubao nitaweka. Hilo daftari wahudumu watalikataa, litawachelewesha."

Mwezi uliofuata tulipita tena. Ubao ulikuwepo, umeandikwa kwa chaki, na sangara amefutwa kwa sababu wamekwisha. Daftari nalo lilikuwepo, limening'inizwa kwa kamba karibu na dirisha la jikoni. Yule kijana alitucheka akasema, "Siku hizi sikatwi." Siku ile sisi tulikuwa namba 14. Tulingoja dakika thelathini na tano, na hatukunung'unika.

Yule mama hatukumwona. Kama anasoma gazeti hili, au kama yupo atakayemsomea, tunamwambia: mama yetu, tusamehe.

MANENO YA KUKUMBUKA

Oda: maelezo ya chakula anachotaka mteja.
Bili: karatasi inayoonyesha ulichokula na unachodaiwa.
Chenji: fedha inayorudishwa baada ya kulipa.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini yule mama alisahauliwa? Je, kosa lilikuwa la mhudumu peke yake?
2. Mhudumu alisema anamkumbuka anayepiga kelele. Ni mahali gani pengine kijijini kwenu mwenye kelele huhudumiwa kwanza? Daftari la zamu lingesaidia?
3. Ungekuwa wewe katika meza ya mbele, ungefanya nini?
4. Hesabu: Watu watatu wamekula ugali na dagaa, kila sahani shilingi 2,500. Wamekunywa chai vikombe vitatu, kila kimoja shilingi 500. Wametoa noti ya 10,000. Watarudishiwa shilingi ngapi?

(Jibu la swali la 4: shilingi 1,000. Usilitazame kabla hujahesabu.)