Fedha ya Giza, Chakula cha Mbalamwezi

SABATO MCHANA

Soma kwa ajili ya Somo la Juma Hili: Mwanzo 41:33–36, Kutoka 16:22–26, 2 Wafalme 4:1–7, Nehemia 5:1–12, Luka 14:28–30, Yohana 6:12, 13.

Fungu la Kukariri: Mithali 21:20. Likariri kutoka katika Biblia yako.

Katika kata ya Rusimbi, kama kwingineko katika Manispaa ya Kigoma Ujiji, wako wengi wasiosubiri mshahara wa mwisho wa mwezi. Mvuvi, muuza mawese, mwenye genge, fundi, dereva wa bodaboda na mama anayeanika dagaa hupata leo, na kesho huenda wasipate. Kwa familia zinazotegemea dagaa, kalenda ya fedha iko angani. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa. Wakati wa giza, mwanga wa taa huwavuta. Mbalamwezi inapong'aa taa hushindwa nguvu, na mitumbwi mingi hukaa ufukweni. Ndipo nyumba iliyokula nyama wiki mbili zilizopita huanza kukopa unga dukani.

Mwezi haujapata kumdanganya mtu. Kila mvuvi anajua giza litaisha lini. Hata hivyo, kujua ni jambo moja na kujiandaa ni jingine. Juma hili tunajifunza jinsi familia ya Mungu inavyoweza kuigawa fedha ya giza ili iilishe pia mbalamwezi, pasipo kumwibia Mungu, pasipo kuingia utumwa wa deni, na pasipo kufunga mkono kwa mwenye shida.

Jifunze somo hili kwa maandalizi ya Sabato ijayo.

JUMAPILI
Ghala la Yusufu

Soma Mwanzo 41:33–36. Ni mambo gani Yusufu alimshauri Farao kuyafanya kabla ya njaa kuja?

Ndoto ya Farao ilitangaza shibe na njaa, lakini haikumwambia afanye nini. Shauri la Yusufu lilikuwa na mambo manne yaliyo wazi: kiasi (sehemu ya tano), wakati (miaka ya shibe), watu wa kusimamia, na mahali pa kuhifadhi. Hakusema tu kwamba watu wajitahidi kuweka akiba. Akiba isiyo na kiasi, siku, msimamizi wala mahali hubaki kuwa nia njema.

Watu wa mwambao wa Kigoma walipewa fundisho hilo kwa njia nzito mwaka 2024. Kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, shughuli za uvuvi zilisitishwa katika Ziwa Tanganyika upande wa Tanzania, ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana. Mbalamwezi ya siku chache ikawa ya miezi mitatu. Hasara haikuwa ya wavuvi peke yao. Mchuuzi wa dagaa, mbeba mizigo, mwenye mgahawa na fundi wa mitumbwi wote waliishi kwa ziwa lilelile.

Si haki kumwambia mtu aliyekuwa anapata riziki ya siku kwa siku kwamba alilala njaa kwa uzembe. Umaskini si dhambi, na Biblia haimlaumu mjane wa Sarepta kwa kubakiwa na konzi moja ya unga. Lakini kwa anayepata kitu, hata kidogo, swali la Yusufu linabaki: katika siku za kupata, ni sehemu gani inayoondolewa kabla ya kuliwa?

Fikiri: Je, nyumbani kwako akiba ni kile kinachobaki baada ya matumizi, au matumizi ni kile kinachobaki baada ya akiba? Kuna tofauti gani?

JUMATATU
Keti Kwanza, Uhesabu

Soma Luka 14:28–30. Yesu alikuwa akieleza gharama ya kumfuata. Mfano alioutumia unafundisha nini juu ya mipango ya nyumbani?

Mjenzi wa mnara alichekwa kwa sababu alianza kujenga kabla ya kuketi. Kuketi huko hakuhitaji elimu kubwa. Kunahitaji daftari, kalamu, na mume na mke walio tayari kuambiana ukweli.

Tuseme familia moja imepata shilingi 400,000 katika giza la siku 20. Zaka ni 40,000. Wameahidi sadaka ya 20,000, na kodi ya nyumba ni 40,000. Zinabaki 300,000. Wakila 15,000 kila siku, fedha itaisha siku ileile giza linapoisha, na siku kumi za mbalamwezi hazitakuwa na kitu. Wakiigawa kwa siku zote 30, kila siku ina 10,000. Wakitumia 9,000 na kuondoa 1,000, mwezi unaisha wakiwa na akiba ya 30,000. Mapato ni yaleyale. Kilichobadilika ni idadi ya siku walizoigawia.

Soma Kutoka 16:22–26. Kwa nini Mungu alitoa mana maradufu siku ya sita?

Hapa Mwadventista aliye mvuvi ana hesabu yake ya pekee. Giza halichagui siku, na usiku wa Ijumaa huangukia humo. Wenzake wanaingia ziwani, naye anabaki. Kikundi kikirudi asubuhi na mitumbwi imejaa, jaribu huwa kali, hasa watoto wakiwa wamerudishwa shule kwa kukosa daftari. Mana inafundisha kwamba Sabato huandaliwa mapema. Anayepanga mwezi wake akihesabu usiku wa Ijumaa kama usiku wa kazi atahisi kila Sabato kwamba ameibiwa. Anayeuondoa katika hesabu tangu mwanzo, na kupanga matumizi yake kwa mapato ya siku zilizobaki, huingia Sabato kwa moyo mtulivu.

Fikiri: Ni mpango gani wa fedha ungeweza kukusaidia kuitunza Sabato bila manung'uniko?

JUMANNE
Vipande Visipotee

Soma Yohana 6:12, 13. Kwa nini Yesu, aliyeweza kuongeza mikate tena kesho yake, aliagiza mabaki yakusanywe?

Yeye aliyelisha maelfu hakuona aibu kujali makombo. Vikapu kumi na viwili vilijazwa na vitu ambavyo wengine wangevikanyaga. Uwekevu wa Kikristo huanzia hapo: heshima kwa kile ambacho Mungu amekwisha kukitoa.

Yafuatayo ni mambo madogo ambayo akina mama wengi wameyafanya kwa muda mrefu, na vijana wanaoanza nyumba wanaweza kujifunza kwao:

1. Nunua dagaa wakati wa giza, wanapokuwa wengi na bei imeshuka. Waanike wakauke kabisa, uwahifadhi katika chombo kikavu chenye mfuniko. Ndiyo mboga ya mbalamwezi.

2. Loweka maharage usiku kucha kabla ya kupika, na ufunike sufuria. Yataiva upesi na mkaa utapungua. Mkaa uliobaki uuzime, utautumia tena.

3. Vitu visivyoharibika, kama sukari, chumvi na sabuni, nunua kwa kipimo kikubwa uwezapo. Tuseme kilo ya sukari ni shilingi 3,000, na vifuko vya 500 vinavyofikisha kilo ni vinane. Anayenunua vifuko amelipa 4,000 kwa sukari ileile. Asiyeweza peke yake anaweza kuchanga na jirani, wakagawana.

4. Toa fedha ya simu mara moja kwa mpango, kuliko kuitoa kidogo kidogo na kulipa makato kila mara.

5. Andika kila kinachotoka, hata cha mia mbili. Mwisho wa juma daftari litaonyesha tundu lilipo.

Uwekevu una mpaka wake. Haukati chakula cha mtoto, dawa ya mgonjwa wala sehemu ya mama mjamzito. Baba anayebana fedha ya mboga nyumbani, huku soda na vitafunio vyake vya kijiweni havijapungua, hajawa mwekevu. Amehamisha tu mzigo na kuwatwika walio dhaifu.

Fikiri: Ni tundu lipi dogo katika matumizi yako ambalo daftari la juma moja lingelifichua?

JUMATANO
Deni na Chupa ya Mafuta

Soma Nehemia 5:1–12. Watu walikopa kwa sababu gani, na walipoteza nini?

Kilio hicho kingeweza kusikika leo. Wengine walikopa kwa ajili ya nafaka, wengine kwa ajili ya kodi ya mfalme. Mashamba yalikwenda, kisha watoto. Katika mitaa yetu, mikopo ya namna hiyo watu wenyewe wameipa jina: kausha damu. Hutolewa upesi, pasipo maswali mengi, na hulipwa kila siku. Tuseme mtu amekopa shilingi 100,000 ili alipe 5,000 kwa siku 30. Elfu tano huonekana ndogo, lakini jumla ni 150,000. Na marejesho hayajui mbalamwezi. Siku ambayo ziwa limelala, mkopeshaji yuko mlangoni.

Kabla ya kukopa, mwamini aulize maswali manne. Nitarudisha jumla ya kiasi gani? Nitalipa kwa fedha ya siku zipi? Mkataba umeandikwa, na nimeuelewa? Mkopeshaji ana leseni? Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka anayefanya biashara ya kukopesha awe na leseni, na inavitaka vikundi vya kijamii vya fedha visajiliwe.

Soma 2 Wafalme 4:1–7. Elisha alimwagiza mjane afuate mpangilio gani baada ya mafuta kupatikana?

Mjane alikuwa karibu kunyang'anywa wanawe wawili. Nabii hakumpa fedha. Alimwuliza ana nini nyumbani, na chupa moja ya mafuta ikawa mwanzo. Mkoa wa Kigoma, unaojulikana kwa mawese, unaweza kuiona picha hiyo vizuri: vyombo vya kuazima vimepangwa chumbani, mlango umefungwa. Lakini baada ya muujiza kulikuwa na kazi ya kawaida: uza, lipa deni, ndipo mle kinachosalia. Muujiza haukufuta wajibu wa kulipa. Ulimwezesha kulipa.

Mwenye deni leo asijifiche na kuacha kuja kanisani. Akae na mwenzi wake, aandike kila anayemdai, aende kuzungumza nao kabla hawajamfuata, na asichukue deni jipya kulipa la zamani.

Fikiri: Nehemia aliwakemea wakopeshaji waliokuwa ndugu zao. Je, mshiriki anapomkopesha mshiriki mwenzake kwa riba kali, kanisa lina wajibu gani?

ALHAMISI
Mfuko Mmoja, Macho Mengi

Soma Yohana 12:6 na 13:29. Mfuko wa wanafunzi ulitumika kwa mambo gani, na ulikuwa na hatari gani?

Yesu na wanafunzi walikuwa na mfuko wa pamoja. Wanafunzi walijua kazi zake: mahitaji yao na msaada kwa maskini. Hatari haikutoka kwa uchache wa fedha. Ilitoka kwa mtu aliyeushika.

Ujiji una kumbukumbu ya jambo kama hilo. Mwezi wa Oktoba 1871, David Livingstone alifika Ujiji akiwa mgonjwa na amechoka, akitarajia kukuta bidhaa alizotumiwa kutoka pwani. Akakuta zimekwisha kuuzwa na mtu aliyekabidhiwa. Akabaki fukara mpaka Henry Morton Stanley alipowasili mwezi wa Novemba. Akiba ilikuwepo, lakini msimamizi hakuwa na mtu wa kumkagua.

Ndiyo maana vikundi vingi vya hisa hutumia sanduku lenye kufuli tatu, na funguo hushikwa na watu watatu tofauti. Fedha huhesabiwa mbele ya wote. Utaratibu huo haumaanishi kwamba mweka hazina ni mwizi. Unamlinda yeye na jina lake. Nyumbani nako, mume na mke wajue mapato yote, madeni yote na mahali akiba ilipo. Siri ya fedha huvunja ndoa nyingi kabla njaa haijaingia.

Je, ndugu wakija kuomba? Mambo ya Walawi 19:9, 10 inamwagiza mwenye shamba aache kando ya shamba bila kuvunwa kwa ajili ya maskini na mgeni. Kando hiyo ilipangwa kabla ya maskini kufika. Vivyo hivyo, familia ikiweka fungu la msaada tangu mwanzo wa mwezi, hata kama ni dogo, itatoa bila kununa, na likiisha itaweza kusema kwa ukweli na upole kwamba limeisha.

Fikiri: Nani mwingine anajua hesabu za fedha unazozishika, za nyumbani au za kikundi?

IJUMAA
Kwa Kujifunza Zaidi

Soma Mithali 6:6–8, Malaki 3:8–10 na Wafilipi 4:11–13. Ellen G. White aliwashauri watu wote, hata vijana, wajifunze kutunza hesabu za mapato na matumizi, na aliona ni kosa kuidharau kazi hiyo. Jioni ya leo, kabla ya jua kuzama, familia inaweza kufungua daftari kwa dakika chache, kuondoa zaka, kuangalia siku zilizobaki hadi mbalamwezi, kisha kulifunga na kuimba. Mungu aliyeuweka mwezi angani ndiye anayezijua siku zote mbili, za giza na za mwanga, naye amewakabidhi watu wake akili ya kuzihesabu.

Maswali ya Kujadili:

1. Katika eneo lenu, "giza" na "mbalamwezi" za mapato ni zipi? Kwa mkulima, kwa mwalimu, kwa dereva wa bodaboda?

2. Darasa lenu linaweza kufanya nini kumsaidia mvuvi au kibarua anayepoteza mapato ya usiku wa Ijumaa? Semeni jambo moja linaloweza kuanza mwezi huu.

3. Mshiriki anasema, "Nikitoa zaka, watoto watalala njaa." Mtamjibuje bila kumdharau, na mtamtendea nini mbali na kumjibu?

4. Kuna tofauti gani kati ya mwekevu na bahili? Mtu wa nje ataitambuaje?

5. Kila mmoja ataje njia moja ya kubana matumizi iliyofanya kazi nyumbani kwake. Katibu wa darasa aziandike, zisomwe tena baada ya mwezi mmoja.