Dondoo muhimu: Ukistaafu, uhamie wapi?

Hospitali kwanza, kiwanja baadaye. Mwenye kisukari au presha hawezi kuishi mbali na kliniki, na anayesafishwa damu kwa ugonjwa wa figo huhitaji huduma hiyo, kwa kawaida, mara tatu kwa wiki. Lushoto ina hewa safi na matunda tele, lakini hospitali ya rufaa iko Tanga au Moshi, na barabara ya kushuka Mombo ina kona kali. Uliza pia kama kituo cha karibu kinapokea kadi yako ya bima.

Kakae huko wakati wa masika. Desemba ndugu wote wako nyumbani na kila kitu kinapendeza. Aprili ndipo utajua kama bodaboda inafika mlangoni na nani anapita kukujulia hali. Panga chumba kwanza; usikimbilie kumwaga kiinua mgongo chote kwenye msingi wa nyumba.

Ardhi ya kijiji iko chini ya usimamizi wa halmashauri ya kijiji, kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Karatasi uliyoandikiana na muuzaji haitoshi. Onana na halmashauri, kisha tembea mipaka pamoja na majirani.

Zungumza na mwenzi wako, na hili ndilo huahirishwa zaidi: mmoja akitangulia, atakayebaki ataweza kuishi hapo? Mama anayehamia ukweni uzeeni ana haki ya kuona jina lake kwenye hati kabla tofali la kwanza halijawekwa.