Sifuri Iliyopotea Kwenye Orodha ya Michango

Muhula uliopita mwenzetu mmoja darasani alifiwa na baba yake. Kama kawaida yetu, michango ilianza siku hiyohiyo. Mimi ndiye niliyekuwa mhazini, na kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza kujifunza kutengeneza kurasa za wavuti, nikaona niachane na daftari. Nikaandaa ukurasa mdogo wenye majina na kiasi alichotoa kila mtu, ili kila mmoja ajionee mwenyewe.

Jioni ujumbe ukaingia: "Kaka, mimi nimetoa elfu kumi, hapa naona elfu moja. Hiyo tisa imeenda wapi?" Muda si muda akaja wa pili. Wa tatu hakuuliza. Aliandika kwenye grupu la darasa kwamba hela za msiba zimeshaanza kuliwa.

Nikafungua laptopu: 10000, ipo vizuri tu. Nikafungua simu: 1000. Sifuri ya mwisho haipo.

Wewe unayejifunza CSS, naomba unisikilize hapa, maana kilichoniaibisha ni hesabu ya kujumlisha tu.

Kila kitu unachoweka kwenye ukurasa, kivinjari hukichukulia kama kisanduku. Katikati kuna yaliyomo: maandishi au picha. Yanazungukwa na nafasi ya ndani, ile tunayoiandika padding. Kisha unakuja mstari wa ukingo, border. Nje kabisa kuna margin, nafasi inayokitenga kisanduku na jirani zake.

Swali ni hili: ukiandika width, unapima nini? Mimi niliamini napima kisanduku kizima. Sivyo. Usiposema lolote, kivinjari kinatumia kipimo kinachoitwa content-box, yaani upana ni wa yaliyomo peke yake. Padding na border vinaongezwa juu yake.

Fikiria kitanda. Ukienda kwa fundi ukamwambia unataka kitanda cha futi nne kwa sita, anajua unataja saizi ya godoro. Mbao za pembeni zinakuja juu ya hapo. Sasa kama chumbani kwako nafasi iliyobaki ni futi nne kamili, siku ya kukiingiza kitanda ndipo utakapojua hujui.

Visanduku vyangu vya kiasi niliviandika hivi:

.kiasi {
  width: 100%;
  padding: 8px;
  border: 1px solid gray;
  text-align: right;
}

Simu yangu ina upana wa pikseli 360 kwa hesabu ya kivinjari. Asilimia 100 ya hapo ni 360. Ongeza padding 8 kushoto na 8 kulia, ongeza border 1 na 1. Jumla 378. Kisanduku kimezidi skrini kwa pikseli 18. Maandishi niliyoyasukuma kulia yanaishia kwenye pikseli ya 369, yaani 9 nje ya skrini. Na kwa maandishi ya ukubwa wa kawaida, pikseli 9 ni upana wa tarakimu moja hivi. Hapo ndipo sifuri ilipokwenda. Kwenye laptopu orodha ilikuwa katikati, pembeni kweupe, kwa hiyo ziada hiyo haikumdhuru mtu.

Kosa la pili ndilo linaloniuma zaidi. Mapema siku ile nilishaona kwamba kwenye simu ukurasa unateleza kwenda pembeni. Badala ya kutafuta sababu, nikaweka overflow-x: hidden kwenye body. Kuteleza kukaisha, nikajipongeza. Kumbe nilichofanya ni kukata kilichozidi, na kumnyima msomaji hata njia ya kukifikia. Na kwa kuwa sikuweka alama ya kutenganisha maelfu, 10000 iliyokatwa ikageuka 1000 safi kabisa, isiyotiliwa shaka na yeyote isipokuwa mwenye hela yake.

Dawa ni mistari michache, iweke mwanzoni mwa faili lako la mitindo:

*, *::before, *::after {
  box-sizing: border-box;
}

Sasa width inapima kisanduku chote, ukingo hadi ukingo. Ukisema 360, kinabaki 360, na yaliyomo ndiyo yanayopungua hadi 342. Hapa unampa fundi kipimo cha nje cha kitanda, kisha anatafuta godoro la kuingia ndani.

Wala si ujanja mpya. CSS ya kwanza ilipitishwa mwaka 1996 ikiwa na kipimo cha yaliyomo peke yake, wakati Internet Explorer 5 ilijumlisha padding na border ndani ya upana. Watengenezaji wa kurasa walihangaika sana na tofauti hiyo. Baadaye box-sizing ikatupa uhuru wa kuchagua, na Bootstrap toleo la 3, mwaka 2013, ikaifanya border-box kuwa kawaida yake.

Mambo matatu ya kukumbuka. Margin haihesabiwi hata ukitumia border-box, kwa hiyo asilimia 100 pamoja na margin za pembeni bado itazidi. Pili, div ya kawaida hujaza upana yenyewe, mara nyingi huhitaji kuiandikia width: 100%. Tatu, usifiche kilichozidi kabla hujajua kwa nini kimezidi: fungua zana za kukagua kwenye kivinjari, zitakuchorea kisanduku na vipimo vyake vyote.

Usiku ule nilirekebisha, nikatuma picha za skrini mbili kwenye grupu, ya kabla na ya baada. Aliyeandika kwamba hela zinaliwa alijibu kwa neno moja: "Sawa." Kesho yake, kabla ya kukabidhi rambirambi, tulihesabu hela mbele ya darasa, noti kwa noti, daftari likiwa mezani. Ukurasa bado naupenda, ila siku hizi kabla sijatuma kiungo chochote, nakifungua kwanza kwenye simu.