Dondoo muhimu: Kompaila isipoiona heda

Unaandika kwa C programu ya mizani ya samaki kwa ajili ya mwalo wa Kirumba, Mwanza, na GCC inalalamika kuwa haioni mizani.h? Kagua haya:

• Alama. #include "mizani.h" huanzia folda ya faili lenye mstari huo, #include <mizani.h> huiruka.

• Mpangilio. Folda za -I hupekuliwa kushoto kwenda kulia, kabla ya za mfumo kama /usr/include. Heda mbili zikifanana jina, inayokutwa kwanza ndiyo hutumika.

• Ushahidi. Ongeza -v uone folda zinazopekuliwa. -H huonyesha heda zilizofunguliwa.

• Pakiti. Kwenye Ubuntu, sqlite3.h huja na libsqlite3-dev. Kuwa na maktaba yenyewe pekee hakutoshi.

• Njia. Usiandike njia inayoanzia /home. Mwenzako wa Musoma au Bukoba hana folda hiyo. Kwenye CMake, tumia target_include_directories na njia inayoanzia ndani ya mradi.

• Mwisho. Kosa likitokea wakati wa kuunganisha, -I haitasaidia. Kagua -L na -l.