Kompyuta na Dalili za Mwanzo za Maradhi ya Akili



Saikosisi ni hali ya mtu kusikia sauti zisizokuwapo, au kushikilia kwa nguvu mambo yasiyo ya kweli. Aghlabu huanza ujanani, nayo hutanguliwa na mabadiliko madogo: kijana hujitenga, usingizi humpotea, na mazungumzo yake huanza kukatikakatika. Tiba ikiwahi, matumaini ya kupona huwa makubwa zaidi.

Mwaka 2015 watafiti wa New York walichapisha matokeo ya vijana 34 waliokwisha onekana kuwa katika hatari. Mazungumzo yao yaliandikwa, kisha kompyuta, iliyofundishwa kwa mifano, ikapima namna sentensi moja inavyoungana kimaana na inayofuata, urefu wa vifungu, na idadi ya maneno ya Kiingereza yenye maana ya "ambayo". Vijana walifuatiliwa kwa muda usiozidi miaka miwili na nusu. Watano walipatwa na maradhi, na kompyuta ikawapambanua wote bila ya kosa.

Msomaji asifurahi upesi. Watu watano ni wachache mno. Mwaka 2018 jaribio lilirejewa kwa vijana wa Los Angeles, na usahihi ukawa asilimia 83. Kipimo hicho kilipotumiwa kwa vijana wa New York, ukashuka hadi asilimia 79.

Izingatiwe pia kwamba kati ya wale 34, vijana 29 hawakuugua katika muda huo. Kijana akitajwa kimakosa kuwa yu njiani kuugua, jina la wazimu humganda mtaani hata daktari akilikanusha, na posa na ajira humpita. Kwa sababu hiyo jibu la mashine haliwezi kusimama mahali pa uchunguzi wa daktari.

Aidha, lugha yetu ina mpango wake. Mwingereza hutenga neno "ambaye". Sisi husema "aliyekuja", na kiungo kikamezwa ndani ya kitenzi. Kompyuta iliyozoea kuhesabu maneno ya Kiingereza haitakiona, na huenda ikamdhania mzima kuwa mgonjwa. Kipimo cha Kiswahili hakina budi kujengwa kwa mazungumzo ya Waswahili wenyewe, kwa ridhaa yao na kwa kutunza siri zao.

Mzazi aliyeona mabadiliko tuliyoyataja asingoje mashine. Amfikishe kijana kituo cha afya kilicho karibu, na aeleze yalianza lini.