Aliyetunga "Haleluya"

Mwaka jana kwaya ya wanafunzi Wakristo hapa Ifakara ilijifunza "Haleluya" kwa Kiswahili, nami nikaimba besi. Jioni moja mvua ya masika ilipiga bati hata hatukusikiana, tukakaa kungoja. Mwalimu akauliza, "Aliyeutunga wimbo huu ni nani?" Nikajibu upesi, "Padri mmoja wa Kizungu." Kumbe sivyo! Kwa aibu ile nikatafuta vitabu, na haya ndiyo niliyoyapata.

George Frideric Handel alizaliwa tarehe 23 Februari, 1685, mjini Halle, Ujerumani. Baba yake alitaka awe mwanasheria, lakini kijana alipenda kinanda. Alikwenda Italia, kisha akahamia London, na mwaka 1727 akawa raia wa Uingereza. Mwaka uliofuata, huku kwetu pwani, Mwengo bin Athumani alitunga Utendi wa Tambuka. Basi tusidhani kwamba zama zile Ulaya peke yake ndiyo iliyokuwa na watunzi.

Handel alisifiwa kwa opera, yaani michezo iigizwayo kwa kuimba. Baadaye watazamaji walipungua, na mwaka 1737 akapatwa na kiharusi, mkono wa kuume ukalegea. Hata hivyo hakukata tamaa. Mwaka 1741, kwa siku 24 tu, alitunga "Messiah," kwa maneno ya Biblia yaliyochaguliwa na Charles Jennens. "Haleluya" ndiyo imalizayo sehemu ya pili. Iliimbwa mbele ya watu mara ya kwanza Dublin, tarehe 13 Aprili, 1742, na sehemu ya fedha iliwatoa gerezani wadeni 142.

Lakini liko jambo la kuhuzunisha. Handel aliwahi kuweka fedha katika kampuni ya Kiingereza iliyouza watumwa wa Afrika. Niliposoma hayo nilitaka kuacha kuimba, maana nchi yetu nayo ilipitiwa na misafara ya watumwa kwenda Kilwa na Bagamoyo. Nikamwendea mwalimu. Akaniambia, "Mwanangu, mdeni aliyefunguliwa alifunguliwa kweli, na mtumwa aliyeuzwa aliuzwa kweli. Usifiche hata moja."

Handel alipofuka uzeeni, akaendelea kupiga kinanda hata alipofariki tarehe 14 Aprili, 1759. Amezikwa Westminster Abbey, London.

Mimi ningali naimba besi. Ila mtu akiniuliza habari za mtunzi, humweleza zote mbili.